Namna ya kulaza mtepe wa kompyuta kwenye mchanga wa Jambiani

Mtepe hauonekani tena baharini. Chombo kile cha mbao zilizoshonwa kwa kamba za makumbi, bila ya misumari, chenye tanga la mraba la mkeka, kimebaki kwenye picha za zamani na vielelezo vya makumbusho. Kielelezo kimoja kikubwa kiliwekwa Beit-al-Ajaib, jengo la makumbusho la Mji Mkongwe, Unguja, ambalo sehemu yake iliporomoka Disemba 2020. Anayetaka kukionyesha chombo hicho kwenye filamu au kipindi cha watoto wa skuli ana njia mbili: akiunde kwa mbao, au akiunde kwenye kompyuta kisha akipandikize ndani ya video ya pwani ya kweli. Maelezo haya ni ya njia ya pili, kwa shoti moja ya sekunde 10. Mpigaji anatembea taratibu ufukweni, na mtepe umelala mchangani maji yakiwa yamekupwa.

Vifaa si vingi. Simu yenye kamera nzuri, kompyuta yenye kadi ya picha ya kumbukumbu ya GB 6 au zaidi, Blender, programu ya kuunda maumbo ya kompyuta, ambayo ni ya bure, na DaVinci Resolve, programu ya kuhariri video, toleo la bure. Kazi yote inaweza kumalizwa ndani ya Blender peke yake, lakini aliyezoea kuhariri video ataona kuunganisha tabaka, yaani picha zinazopandishwa moja juu ya nyingine, ndani ya Resolve ni kwepesi zaidi.

Chombo kinalazwa mchangani kwa makusudi. Kinachoelea kinadai povu linalogonga ubavu, sura ya chombo inayovunjikavunjika juu ya mawimbi, na mwendo wa kupanda na kushuka unaolingana na kila wimbi la kwenye video. Anayeanza na maji aghlabu huiacha kazi njiani. Mchanga unataka mambo matatu tu: kamera ya kompyuta itembee sawasawa na ya kweli, kivuli kiangukie pake, na mkuku, yaani mti wa chini wa chombo, ushike ardhi. Na sehemu kubwa ya mambo hayo huamuliwa palepale pwani, kabla kompyuta haijawashwa.

Siku na saa

Pwani ya mashariki ya Unguja, ilipo Jambiani, hukauka mbali sana maji yakikupwa, khasa siku za bamvua, karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Tofauti ya kujaa na kupwa siku hizo hufika kiasi cha mita 4, na maji hufika mwisho wa kupwa karibu saa nne hadi saa tano asubuhi. Kila siku inayofuata yanachelewa kwa dakika 50 hivi. Tizama jedwali la maji kabla ya kupanga safari, na waulize wakulima wa mwani, maana wao saa zao za kazi zinakwenda na maji hayohayo.

Piga mnamo saa tatu na nusu asubuhi. Jua liko nyuzi 40 hadi 45 juu ya upeo, upande wa bahari. Elekeza kamera kusini, kufuata ufukwe: bahari inakuwa kushoto, minazi kulia, na kivuli cha chombo kinaangukia upande wa nchi kavu, mbele ya macho ya mtazamaji. Mwanga wa ubavuni namna hii ndio unaochonga umbo la chombo. Mwezi wa Juni na Julai jua hupita kaskazini, kwa hiyo kivuli kitasogea pia kuelekea mbali na kamera. Hakuna ubaya.

Kinachoharibu ni adhuhuri. Unguja iko nyuzi 6 kusini ya ikweta, na mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua hupita utosini kabisa, muda mfupi baada ya saa sita mchana. Kivuli chote kinajificha chini ya chombo, na mtazamaji hana cha kumwambia kwamba chombo kimekaa juu ya mchanga. Kitaonekana kimebandikwa, hata umbo likiwa zuri namna gani.

Shoti kuu na vipimo vyote vya mwanga vipatikane ndani ya dakika 15. Mlingoti wa mita 10 una kivuli cha mita 10 jua likiwa nyuzi 45. Nusu saa baadaye, jua likifika nyuzi 52, kivuli kimebaki mita 7.8. Aliyepima mwanga saa tatu na akapiga shoti saa nne amepima mwanga wa shoti nyingine.

Chagua mchanga uliokwisha kukauka juu. Mchanga uliolowa hung'aa na kurudisha sura ya kila kinachosimama juu yake, na hapo itabidi utengeneze tabaka la sura hiyo mbali na kivuli.

Kamera

Zima utulizaji wa picha wa kielektroniki. Huo hukata na kupindisha kila fremu kivyake ili video ionekane tulivu, na programu inayotafuta mwendo wa kamera haiwezi kujua fremu ipi imevutwa kwa kiasi gani. Ndiyo sababu ya kwanza ya chombo kuteleza mchangani. Zima pia video ya HDR, na tumia lenzi kuu bila kuvuta karibu. Baadhi ya simu hubadilisha lenzi zenyewe mwanga ukibadilika, kwa hiyo tumia programu inayokuruhusu kufunga kila kitu: fokasi, ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga), kasi ya shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) na rangi ya mwanga. Blackmagic Camera ni ya bure na inafanya hayo.

Weka fremu 25 kwa sekunde. Simu ikikupa 30 tu, baki na 30 hadi mwisho wa kazi. Kuipunguza baadaye huacha mruko kila baada ya fremu chache. Kasi ya shata ya kawaida kwa fremu 25 ni 1/50, lakini juu ya mchanga mweupe wa asubuhi simu yenye lenzi ya f/1.8 itataka kwenda 1/5000. Kichujio cheusi cha ND64 au ND128 kinairudisha chini. Kama huna, piga hivyohivyo kwa kasi, ila andika namba hiyo kwenye daftari, kwani utaihitaji wakati wa kurenda, yaani kompyuta inapotoa picha za mwisho.

Mwendo wenyewe uwe wa kutembea kwa ubavu, hatua sita au saba, huku kamera ikielekea pale chombo kitakapokuwa. Kusimama na kugeuza mkono tu hakutoi kina: vya karibu na vya mbali vinasogea pamoja, na kompyuta haiwezi kujua kipi kiko wapi. Tembea polepole. Kamera za simu husoma picha mstari kwa mstari kutoka juu hadi chini, na ukiitikisa kwa ghafla minazi hupinda. Mpindo huo hauna dawa ya maana baadaye.

Vifuu, fimbo na mfereji

Mchanga mtupu hauna cha kushika. Tawanya vifuu 12 hadi 15, vingine mita 3 kutoka kwenye kamera, vingine mita 30, kwa kuviepusha na mahali pa chombo. Ni vyeusi juu ya cheupe, haviendi popote upepo ukivuma, na ni mali ya pwani, kwa hiyo hutakuwa na kazi ya kuvifuta kwenye video. Karatasi za alama zinazouzwa kwa kazi hii zinafaa, lakini kila moja ni fremu 250 za kusafisha. Vigingi vya mwani vilivyosimama mbali ni alama nzuri pia. Kamba zake hazifai, maana zinacheza, na wala usishike mawimbi, mawingu, makuti au mtu.

Vifuu vitatu viwekwe pembetatu kwenye ardhi ya mteremko uleule wa chombo, na upime kwa futi ya fundi umbali baina ya viwili: mita 5 kamili ni rahisi kukumbuka. Ufukwe una mteremko, na bapa la kompyuta linaloshika nafasi ya mchanga likikaa sawa huku mchanga umeinama, mkuku utazama upande mmoja na kuelea upande wa pili.

Kabla ya shoti kuu, na mipangilio yote ya kamera ikiwa imefungwa vilevile, simamisha fimbo ya mita 1 wima na upige sekunde chache. Urefu wa kivuli unakupa kimo cha jua: sentimita 100 ni nyuzi 45, sentimita 119 ni nyuzi 40, sentimita 173 ni nyuzi 30. Uelekeo wa kivuli unakupa uelekeo wa taa. Weusi wa kivuli utautumia mwishoni. Piga pia mpira wa plastiki uliopakwa rangi ya kijivu isiyong'aa, kisha mgongo wa upawa wa chuma unaong'aa, ambao unaonyesha anga yote kwa mara moja. Halafu chukua picha ya duara zima la mahali hapo, mara tatu: moja ya kawaida, moja yenye giza zaidi, moja yenye mwanga zaidi. Hizo zikiunganishwa ndizo zitakazokuwa anga ya kwenye kompyuta.

Kisha chukua jembe. Chimba mfereji mwembamba, kina cha sentimita 8 hadi 10, urefu wa mkuku, na urundike mchanga kidogo kila upande. Chombo kizito hukaa ndani ya mchanga, hakikai juu yake. Kingo za mchanga wa kweli zikiwa tayari kwenye video, umejiepusha na siku nzima ya kuunda mchanga wa kompyuta. Jifunze pia kutoka kwenye ngarawa na madau yaliyo jirani: yapo yaliyolalia ubavu, yapo yaliyosimamishwa kwa magadi, yaani nguzo za kuegemeza ubavu. Mtepe uliosimama wima bila ya gadi mchangani utachekwa na kila mtu wa Jambiani kabla hajaangalia kitu kingine.

Wapitaji waelezwe wapi chombo kipo. Tandika kamba mahali pa ubavu wa mbele, kisha iondoe wakishaona. Anayepita nyuma ya kamba hana gharama, kompyuta itamfunika yenyewe. Anayepita mbele atakatwa kwa mkono fremu kwa fremu, kwa hiyo fikiri mara mbili kabla ya kuwaalika watoto wacheze mpira hapo. Anayekatiza ndani ya chombo anaiua shoti.

Kuikamata kamera

Igeuze video kuwa fremu moja moja kwa programu ya ffmpeg:

ffmpeg -i pwani.mp4 -vf fps=25 pwani_%04d.png

Simu hazishiki kasi ya fremu kwa usawa kamili, na amri hiyo inazinyoosha. Andika 30 badala ya 25 kama ulipiga kwa 30.

Ndani ya Blender fungua sehemu ya kufuatilia mwendo na upandikize alama juu ya vifuu na ncha za vigingi. Kiwango cha kufanana kinakuja kikiwa 0.75, kipandishe hadi 0.9, ili alama isimame ikipotea badala ya kuhamia kwenye kivuli cha jirani. Kwa alama za karibu, ambazo umbo lake linakua na kugeuka unapotembea, ruhusu mzunguko na ukubwa, si kusogea tu. Zinahitajika angalau alama 8 zinazoonekana pamoja kwenye fremu mbili kuu za hesabu. Lenga 15 hadi 20, zilizoenea kulia na kushoto, karibu na mbali.

Kwa lenzi, simu nyingi hutaja urefu wa lenzi kuu kwa kulinganisha na filamu ya mm 35, mathalan mm 26. Andika 26, na upana wa kihisi 36, kisha iachie programu irekebishe urefu wa lenzi na mpindo wake, kwani simu hukata pembeni inapopiga video. Bonyeza "Solve Camera Motion". Itakuonyesha kosa, yaani umbali baina ya alama na pale hesabu inapoziweka: la chini ya pikseli 0.5 ni zuri, hadi 1 linavumilika. Tafuta alama zenye kosa kubwa kuliko nyingine, zitizame zilipohamia, zirekebishe au zifute.

Namba hiyo isikudanganye. Ukifuta alama kwa pupa hadi zibaki nane zilizo karibu karibu, kosa litashuka hadi 0.2 na kamera itakuwa imekosewa kabisa, kwa sababu alama chache zilizokaa pamoja hukubaliana kwa urahisi hata juu ya uongo. Jaribio la kweli ni hili: chagua vifuu vitatu vya pembetatu, bonyeza "Set Floor", weka umbali wa mita 5 kwa "Set Scale", halafu simamisha masanduku ya mita 1 juu ya vifuu vitano tofauti na uiendeshe video. Yakiganda pale yalipo tangu mwanzo hadi mwisho, endelea. La mbali likiteleza na la karibu limetulia, urefu wa lenzi si sahihi. Yote yakitetemeka pamoja, kuna alama moja au mbili zinazorukaruka.

Umbo la chombo

Hapa kila mtu ana namna yake, na masomo ya kuunda maumbo yamejaa kwenye intaneti. La kuzingatia ni kipimo: uniti moja iwe mita moja, na usiunde kisichoweza kuonekana. Kwa lenzi ya mm 26, ukiwa mita 15 kutoka kwenye chombo, upana wa picha ni karibu mita 20.8. Kwa video ya pikseli 1920 hiyo ni pikseli 92 kwa kila mita. Kamba ya mshono yenye unene wa sentimita 1 haifiki hata pikseli moja. Kuunda mishono yote mmoja mmoja ni kujipa adhabu. Picha ya vinundu juu ya mbao inatosha, na mishono ya kweli ibaki kwenye omo, mbele ya chombo, tu kama kamera inapita karibu.

Kingo za mbao zilainishwe kwa milimita 3 hadi 5, kwani hakuna ubao wenye ukingo wa wembe. Mbao kuukuu haing'ai: ukwaruzo wa 0.6 hadi 0.8, wenye madoa yanayotofautiana. Tanga likunjwe kwenye foromali, mti unaobeba tanga. Chombo kilicho mchangani hakitandazi tanga, na wewe unaokoka kuhesabu nguo inayopepea. Ukitia bendera au kitambaa, kiangalie upande ule ule wa makuti ya kwenye video. Makuti yakilala kwa kusi na bendera ikapepea kwa kaskazi, hakuna mrekebishaji wa rangi atakayeweza kuficha.

Jua, anga na mchanga

Pakia picha ya duara kama anga, kisha lifute jua lililomo ndani yake kwa kulipaka rangi ya mawingu ya jirani. Kamera ya simu haikuweza kulishika jua kwa nguvu zake, kwa hiyo limebaki doa jeupe dhaifu linalotoa kivuli hafifu. Ukiliacha na ukaongeza taa ya jua, utapata vivuli viwili. Taa ya jua ielekezwe kwa vipimo vya fimbo, na upana wake ubaki nyuzi 0.53, ambao ndio upana wa jua linavyoonekana kutoka duniani. Namba hiyo ndogo ina kazi kubwa. Kivuli cha ubao ulio nusu mita kutoka mchangani kina ukungu wa nusu sentimita pembeni, na cha ncha ya mlingoti ulio mita 14 kutoka pale kivuli kinapoangukia kina ukungu wa sentimita 13. Anayechora kivuli kwa mkono na kukilainisha sawasawa kote hujulikana mara moja.

Tandaza bapa la mchanga kufuata mteremko, ulipe alama ya "Shadow Catcher", ili lipokee kivuli bila ya lenyewe kuonekana, na rangi ya mchanga iliyochukuliwa kwenye video yenyewe. Rangi hiyo si pambo. Mchanga wa pwani ya mashariki umetokana na matumbawe, ni mweupe kweli, na hutupa mwanga mwingi juu kwenye tumbo la chombo. Chombo cha kompyuta chenye tumbo jeusi juu ya mchanga mweupe ndilo kosa linaloonekana zaidi kwenye kazi za visiwani, na wengi hulitibu kwa kuongeza taa za kubuni wakati dawa ni bapa lenye rangi sahihi.

Sasa simamisha mpira wa kijivu wa kompyuta pale ulipokuwa wa kweli. Linganisha upande wa jua na upande wa kivuli. Upande wa kivuli ukiwa mweusi mno, pandisha nguvu ya anga. Ukiwa sawa lakini upande wa jua umefifia, pandisha jua. Chombo kisiguswe mpaka mipira miwili ifanane.

Kurenda

Renda tabaka mbili. Ya kwanza ni chombo peke yake, mchanga ukiwa umewekwa kwenye hali ya "Indirect Only" ili urudishe mwanga bila ya kuonekana. Ya pili ni kivuli peke yake, chombo nacho kikiwa kwenye hali hiyo. Usuli uwe wazi. Faili ziwe OpenEXR (EXR) za biti 16, aina ya picha inayohifadhi mwanga bila ya kuukata, fremu moja faili moja, wala usirende moja kwa moja kuwa video: umeme ukikatika kwenye fremu ya 180 unaanza tena na hiyo 180, ilhali faili ya video iliyokatika katikati aghlabu haifunguki. Piga hesabu mapema. Dakika 3 kwa fremu mara 250 ni saa 12 na nusu. Sampuli, yaani mara ambazo kompyuta hupima mwanga wa kila pikseli, 128 hadi 256 pamoja na kiondoa chenga, vile vidoa vya picha, zinatosha.

Ukungu wa mwendo ufuate shata uliyoiandika. Gawa fremu kwa sekunde kwa kasi ya shata: 25 kwa 50 ni 0.5, 25 kwa 200 ni 0.125. Kwa 1/5000, zima kabisa.

Lenzi ya simu hupindisha picha pembeni, na kompyuta haipindishi. Kosa la kawaida ni kuinyoosha video na kuiacha hivyo. Fanya kinyume: renda eneo lenye ziada ya asilimia 5 hadi 10 kila upande, kisha kipindishe chombo kwa namba zilezile za lenzi zilizopatikana kwenye hesabu ya kamera. Video ibaki kama ilivyopigwa.

Kuunganisha

Faili za EXR zimehifadhi mwanga kwa hesabu ya linia (mwanga ukiwa mara mbili, namba nayo ni mara mbili), video haikuhifadhi hivyo. Ndani ya Fusion, iliyomo Resolve, igeuze video kuwa linia kwanza, unganisha, kisha rudisha mwishoni. Ukiunganisha ndani ya Blender, badilisha mtazamo wa rangi kuwa "Standard", la sivyo video itapauka na utaanza kutafuta kosa pasipokuwepo.

Kivuli kisiwe tabaka jeusi lililopunguzwa nguvu. Rudi kwenye video ya fimbo. Pima mchanga wenye jua na mchanga wenye kivuli, kila chaneli (nyekundu, kijani, buluu) kivyake, na ugawe. Utakuta nyekundu imeshuka zaidi kuliko buluu, kwa sababu ndani ya kivuli kinachobaki ni mwanga wa anga. Tumia alfa ya tabaka la kivuli, yaani chaneli inayosema wapi pana picha na wapi pako wazi, kama kinyago, na ndani ya kinyago hicho ipunguze video kwa uwiano huo uliopima, chaneli kwa chaneli, mpaka kivuli cha mlingoti kilingane na cha fimbo. Chini ya tumbo, ambako hata anga haifiki, patajitia giza zaidi penyewe. Hapo ndipo chombo kinapopata uzito.

Halafu kiweke chombo juu. Mstari mweusi au mweupe kuzunguka umbo lake maana yake alfa imezidishwa kwenye rangi mara mbili au haikuzidishwa kabisa: kagua mpangilio huo kabla ya kukimbilia kupunguza kingo. Tizama weusi. Hewa ya pwani ina unyevu, na kitu cheusi kilicho mita 40 si cheusi kamili, kimeinuka kidogo kuelekea rangi ya anga. Chombo chako kifuate kulingana na umbali wake. Pandisha mwangaza wa kioo chako mara nne, kisha ushushe mara nne, bila ya kugusa picha yenyewe. Tofauti za weusi na weupe zilizojificha hujitokeza hapo. Zitizame pia chaneli moja moja kwa rangi ya kijivu. Chombo kinachokaa vizuri kwenye rangi kamili lakini kinaruka kwenye buluu hakijakaa.

Ukali wa picha nao ulinganishwe. Simu hunoa kingo kwa nguvu na kuacha mstari mwepesi wa mwanga pembeni ya vitu. Kilainishe chombo kwa pikseli 0.5 hadi 1, kisha kinoe kidogo, ukilinganisha na ngarawa ya kweli iliyo umbali uleule. Chenga za picha ziwe za mwisho kabisa, zikiwa nyingi zaidi kwenye buluu. Kwenye WhatsApp hakuna atakayeziona, lakini kwenye kitambaa kikubwa cha Ngome Kongwe wakati wa tamasha la filamu, chombo kisicho na chenga ndani ya video yenye chenga huonekana kuanzia viti vya nyuma.

Aliyepita mbele hukatwa kwa rotoskopu. Usimchore mtu mzima kwa umbo moja. Kichwa kiwe peke yake, kiwiliwili peke yake, kila mkono vipande viwili, kila mguu vipande viwili, na kanga inayopepea umbo lake. Weka fremu za msingi pale mwendo unapogeuka, mguu unapogusa chini, mguu unapoinuka, kisha jaza katikati. Kuweka kila baada ya fremu tano kwa mazoea hutoa kingo zinazochemka. Ulaini wa ukingo ulingane na ukungu wa mwendo, khasa mikononi. Na kama alipita upande wa jua, kivuli chake kilitakiwa kupanda ubavuni mwa chombo: simamisha umbo la mtu la kubahatisha mahali pake kwenye Blender, lisionekane na kamera, lipe mwendo wake, na lirendwe pamoja na chombo.

Kwa kutoa, mkandamizo wa H.264 wa megabiti 15 hadi 20 kwa sekunde inatosha kwa pikseli 1920 kwa 1080. Hifadhi na nakala ya ubora wa juu, ProRes au DNxHR, maana kila mahali pa kupakia watakandamiza tena. Faili ya Blender, fremu za EXR na daftari la vipimo vikae kwenye folda moja: akija mtu kutaka shoti ya pili ya chombo hichohicho, jua la siku ile halitarudi, ila namba zake unazo.